Ufufuo Si Roho Kutoroka Mwili

Hebu uliza mtu yeyote mwenye amelelewa kanisani hapa Kenya, awe wa PCEA, Mkatoliki, ama wa yale makanisa ya hema na spika kubwa: Wakristo wanaamini nini kuhusu kifo? Wengi watakujibu bila hata kufikiria. Ukifa roho inatoka, inaenda mbinguni kwa Mungu, mwili unabaki chini unaoza, basi. Hivyo ndivyo tunafarijiana kwa matanga, na hivyo ndivyo tunaelezea watoto wakiuliza shosho ameenda wapi.

Hiyo imani ni ya zamani sana. Lakini haikuanzia kwa Wakristo. Wagiriki walikuwa nayo karne nyingi kabla ya Yesu kuzaliwa. Plato, aliyekufa karibu 347 KK, aliifundisha vizuri kuliko pasta yeyote ninayemjua. Kile Wakristo wa kwanza walikuja nacho kilikuwa kitu kingine, na kilifanya watu wenye elimu zao wacheke. Walisema mwili utaamka.

Angalia tu neno letu la Kiswahili. Kitu kinachofufuka lazima kwanza kiwe kimekufa. Kama roho haifi, basi roho haiwezi kufufuka, inafufuka kutoka wapi? Kwa hivyo tukisema ufufuo huku tunamaanisha roho kwenda juu, tunatamka neno moja na kumaanisha lingine. Unaweza kuniambia ni maneno tu. Mimi sidhani, na nitafika huko, kwa sababu hapa kwetu hili jambo limeshazika watu.

Lakini turudi nyuma kwanza. Wayahudi wa zamani hawakuwa na mengi ya kusema kuhusu maisha baada ya kifo. Ukisoma sehemu kubwa ya Agano la Kale, wafu wote wanaenda kuzimu, mahali pa kimya, wazuri kwa wabaya, na baraka za Mungu zinahesabiwa hapa hapa duniani: watoto, mifugo, shamba, uzee mwema. Halafu mwaka 167 KK Antiochus wa Nne, mfalme wa Kigiriki aliyetawala kutoka Siria, akapiga marufuku dini yao, akanajisi hekalu la Yerusalemu, na wenye walikataa kuacha sheria ya Musa wakauawa. Hapo ile hesabu ya zamani ikagoma. Mbona wanaomtii Mungu ndio wanakufa vijana, na wasaliti ndio wanazeeka na mali zao? Wasomi wengi wanasema ni katika kipindi hicho ndipo kitabu cha Danieli kilipata umbo tunalolijua, na sura yake ya 12 inasema waziwazi kwamba waliolala mavumbini wataamka. Kwenye Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, chenye kiko kwa Biblia ya Wakatoliki lakini Waprotestanti wengi hawana, kuna simulizi ya ndugu saba wanaoteswa mbele ya mama yao. Mmoja anatoa ulimi na kunyoosha mikono ikatwe, akisema aliipata kwa Mungu na anatarajia kurudishiwa na Mungu.

Mikono, bana. Hakusema roho yangu iko salama. Alitaka mikono yake. Yaani tangu mwanzo ufufuo ulikuwa dai la haki: kile mfalme amekata, Mungu atarudisha.

Kufikia wakati wa Yesu, Mafarisayo walikuwa wamelikubali wazo hili. Masadukayo walilikataa, na hao ndio walikuwa wakubwa wa hekalu, familia tajiri za Yerusalemu zenye zilikuwa zinaelewana vizuri na Warumi. Sishangai. Kama mambo yako yameshakunyookea, utataka Mungu aje kuyapindua ya nini?

Sasa weka msalaba hapo katikati. Leo tunauvaa shingoni na kuubandika nyuma ya matatu. Kwa Warumi ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, na kazi yake haikuwa kuua peke yake, kwa maana upanga unaua haraka zaidi. Msalaba ulikuwa tangazo. Unatundikwa uchi mahali watu wanapita, na mara nyingi maiti inaachwa pale ndege na mbwa wamalize. Mwaka 1968, kaskazini mwa Yerusalemu, wanaakiolojia walipata sanduku la mawe lenye mifupa ya mwanamume aliyeitwa Yehohanan, msumari wa chuma ukiwa bado umetoboa mfupa wa kisigino. Waliosulubiwa na Warumi ni maelfu, lakini ushahidi wa aina hiyo ni nadra sana. Yehohanan angalau anatuonyesha kwamba kuna familia zilizopewa mwili na kuuzika.

Kwa hivyo wakati wafuasi wa Yesu walianza kusema kwamba Mungu amemfufua mtu ambaye Pilato alimsulubisha, hawakuwa wanatangaza ati kuna maisha baada ya kifo. Hiyo watu wengi tayari waliamini. Walikuwa wanasema hukumu ya Pilato imefutwa. Mahakama ya juu kuliko ya Kaisari imesikiza rufaa, na mshtakiwa ametoka akiwa na mwili wenye makovu. Unaweza kuamini ama kukataa. Historia haiwezi kukupimia kilichotokea kaburini Jumapili ile; inachoweza kukuonyesha ni kwamba kuna watu walisadiki mapema sana, na wakabadilisha maisha yao kwa sababu hiyo. Lakini kama unakataa, kataa kile walichosema, usikatae kitu kingine.

Na tunajuaje walichosema? Watu hufikiria Injili nne ndizo maandishi ya kwanza. Hapana. Kabla yazo kuna barua za Paulo, na yenye inaongea ufufuo kwa kirefu ni ile ya kwanza kwa Wakorintho, iliyoandikwa kutoka Efeso karibu mwaka 54. Katika sura ya 15 Paulo anawakumbusha habari ambayo yeye mwenyewe aliipokea kutoka kwa waliomtangulia: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akaonekana na Petro, na wengine, na umati wa watu zaidi ya 500. Hiyo orodha tayari ilikuwa inazunguka kwa mdomo kabla ya barua kuandikwa.

Korintho wenyewe ungekupendeza. Ulikuwa mji wa kina sisi. Warumi waliuharibu, halafu Julius Caesar akaufufua mwaka 44 KK kwa kuleta walowezi, wengi wao wakiwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa na bandari mbili, moja kila upande wa shingo nyembamba ya nchi, pesa inaingia huku na kutokea kule. Watu walikuja kutafuta. Ukiwa mtoto wa mtumwa na umepata duka lako, unataka pia kuonekana msomi, na usomi wa siku hizo ulisema mwili ni kifungo cha roho. Kwa hivyo baadhi ya waumini wa Korintho walimpenda Yesu, walipenda miujiza, walipenda kunena kwa lugha, lakini hili la maiti kuamka liliwaaibisha. Wakasema hakuna ufufuo wa wafu. Huko Athene, mji wa wanafalsafa, Paulo alishachekwa kwa jambo hilo hilo.

Paulo hakuwabembeleza. Aliwaambia kama wafu hawafufuki, basi hata Kristo hakufufuka, na kama hakufufuka, mahubiri yote ni kelele tupu na yeye ni shahidi wa uongo. Hakuacha mlango wa nyuma. Hakusema basi hata isipokuwa kweli, bado Yesu ni mfano mzuri wa maisha. Mimi hapo ndipo namheshimu zaidi, kwa sababu ameweka imani yake mahali inaweza kuvunjika.

Kitu chenye watu hukosa ni kwamba hiyo sura ya 15 haikuanguka kutoka mawinguni. Barua nzima inahusu miili. Huko sura ya 6 kuna wanaume wa kanisa wanaenda kwa makahaba na kujitetea kwamba mwili ni mwili tu, kama vile chakula ni cha tumbo, haugusi mambo ya kiroho. Paulo anawajibu kwamba mwili una maana kwa sababu Mungu ataufufua. Na kumbuka wengi wa hao wanawake walikuwa watumwa, hakuna mtu aliwauliza maoni. Huko sura ya 11 matajiri wanafika mapema kwenye meza ya Bwana, wanakula na kulewa, na wale wa kazi za jioni wanakuta sahani tupu. Ukiamini roho pekee ndiyo inahesabika, njaa ya mwenzako ni jambo dogo.

Ningependa pia uone kwamba Paulo hakuwa anafikiria mazombi. Alipoulizwa mwili gani utafufuka, alitumia mfano wa mbegu: unapanda punje, kinachoota hakifanani na punje, lakini kimetoka kwake. Mwili wa ufufuo ni huu huu na tena umebadilika kupita kiasi. Zaidi ya hapo hakuchora picha, na wanaochora kwa niaba yake huwa wanaongeza chumvi.

Sasa nikupeleke Lyon, Ufaransa, mji ambao siku hizo uliitwa Lugdunum, mwaka 177. Ni zaidi ya miaka 120 baada ya ile barua. Kaisari ni Marcus Aurelius, yule mwanafalsafa ambaye vijana wa mtandaoni wanamnukuu kila asubuhi kabla ya mazoezi. Tunajua kilichotokea kwa sababu makanisa ya Lyon na ya mji jirani wa Vienne yaliandika barua kwa ndugu zao wa Asia Ndogo, na Eusebius, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, akaihifadhi katika kitabu cha 5 cha Historia yake ya Kanisa.

Ilianza na ubaguzi wa kawaida. Wakristo walizuiwa kuingia bafu za umma, wakazuiwa sokoni. Kisha umati ukaanza kuwapiga mawe na kuwapora. Kisha wakakamatwa. Watumishi wao wasio Wakristo, wakiogopa kuteswa, wakasema hawa watu hula nyama ya binadamu na kulala na ndugu zao. Askofu Pothinus alikuwa amepita miaka 90, hapumui vizuri. Alipigwa na umati na akafa jela baada ya siku mbili. Shemasi wa Vienne, Sanctus, kila alipoulizwa jina, mji, kama ni mtumwa ama huru, alitoa jibu moja tu: yeye ni Mkristo.

Halafu kuna Blandina, kijakazi. Bibi yake, ambaye pia alikuwa Mkristo na alikuwa amekamatwa, aliogopa kwamba msichana huyo hataweza kustahimili kwa vile mwili wake ulikuwa dhaifu. Watesi walishika zamu tangu asubuhi hadi jioni, wakachoka wao. Siku nyingine walimtundika kwenye mti uwanjani ili wanyama wamle, wanyama hawakumgusa. Wenzake wakimwangalia hapo juu walisema walimwona Kristo aliyesulubiwa. Siku ya mwisho aliletwa pamoja na Ponticus, mvulana wa kama miaka 15, wa rika la wengi wenye wanasoma hii. Ponticus alikufa kwanza. Blandina akafungwa ndani ya wavu, akatupiwa fahali. Magofu ya uwanja huo bado yako, kwenye mteremko wa Croix-Rousse.

Tafakari kidogo kuhusu huyo msichana. Kisheria mwili wake haukuwa wake. Ulikuwa mali, kama punda. Na watu wa kanisa wakatazama huo mwili, ule ambao sheria ilisema ni kitu cha mtu, wakaona hapo ndipo Mungu yuko. (Ndiyo, bibi yake Mkristo bado alikuwa anammiliki. Hiyo sehemu hainifurahishi hata kidogo, na makanisa yalichukua karne nyingi mno kuifikisha hiyo hoja mwisho wake.)

Baada ya mauaji ndipo inakuja sehemu ambayo ilinifanya niandike haya. Miili iliachwa wazi siku sita, askari wakiilinda. Wakristo walijaribu kuichukua usiku, wakashindwa, walijaribu pesa, wakashindwa, walisihi, wapi. Mwishowe maafisa wakaichoma mpaka ikawa majivu, na majivu wakayafagia ndani ya mto Rhône ili kusibaki hata kidogo juu ya nchi. Na barua inatuambia sababu yao: walitaka wafu hao wasiwe na tumaini la ufufuo, kwa maana tumaini hilo ndilo lililowafanya wasiogope kufa.

Manze, hao watesi walielewa theolojia ya Kikristo kuliko sisi. Kama Blandina na Pothinus walikuwa wanahubiri roho kwenda mbinguni, moto ulikuwa wa nini? Roho zilishaondoka, kazi imeisha. Walichoma kwa sababu walikuwa wamesikia, na wakasikia vizuri, kwamba hawa watu wanadai mwili. Sisi pia tumeona serikali ikiuogopa mwili wa mtu aliyekufa. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa humo jela mahali pasipo alama. Mjane wake, Mukami, aliomba mabaki yake kwa miaka mingi, na akafariki Mei 2023 bila kuyazika.

Katika kanisa la Lyon kulikuwa na kasisi aliyeitwa Irenaeus. Wakati wa mateso alitumwa Roma na barua, ndiyo maana aliponea. Aliporudi alifanywa askofu badala ya Pothinus, askofu wa kanisa lisilokuwa hata na makaburi ya mashahidi wake. Karibu mwaka 180 akaandika vitabu vitano kupinga walimu tunaowaita Wagnostiki, wenye walifundisha kwamba ulimwengu huu na mwili huu vilitengenezwa na mungu wa cheo cha chini, na kwamba kuokoka ni roho kuponyoka kutoka gereza hilo. Irenaeus aliwapinga kwa hasira. Mungu aliyeufinyanga udongo ndiye anayeuokoa, alisema kwa maneno mengi sana (ni mwandishi mrefu, jiandae). Mkate na divai ya Ekaristi vinatoka ardhini na vinalisha nyama hii; iweje nyama hiyo hiyo iambiwe haifai kupokea uzima? Sijui kama unaweza kuandika hivyo ukiwa hujapoteza watu mtoni. Ukisikia leo Wakatoliki na Waanglikana wakikiri ufufuo wa mwili kila Jumapili, kwa haraka haraka wakielekea matangazo, ni ugomvi huo wanaurudia.

Na hilo fundisho lilikuwa na kazi. Miaka 70 hivi baadaye, miaka ya 250 na kuendelea, tauni ilipiga dola la Roma. Dionysius, askofu wa Alexandria, anaandika kwamba wengine walikuwa wakiwatupa wagonjwa wao barabarani kabla hawajakata roho, na Wakristo wakawauguza wao, wakafumba macho ya wafu, wakaosha maiti na kuzivika sanda, na wengi wakafa kwa kuambukizwa. Utasema huyo ni askofu anajisifia watu wake, na uko sawa kushuku. Basi msikize adui. Kaisari Julian, mwenye aliuacha Ukristo na kutaka kurudisha miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia mwaka 362 akilalamika kwamba kilichoikuza dini ya Wakristo ni ukarimu kwa wageni na jinsi wanavyotunza makaburi ya wafu. Alitaka makuhani wake waige. Neno la Kigiriki ambalo Wakristo walilitumia kwa makaburi, lile lililozaa majina ya makaburi katika lugha nyingi za Ulaya, maana yake ni mahali pa kulala.

Sasa tuje nyumbani, kwa swali lenye huulizwa kila mara mtu maarufu akichomwa badala ya kuzikwa: atafufukaje? Mwaka 2002 Mary, mke wa Manasses Kuria, aliyekuwa askofu mkuu wa Kianglikana nchini, alichomwa katika tanuri la Kariokor hapa Nairobi, na mwaka 2005 askofu mwenyewe akafuata njia hiyo. Watu walishtuka. Mwaka 2011 ikawa Wangari Maathai, kwa jeneza la mwanzi, mafunjo na gugumaji kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Swali likarudi.

Jibu lilishatolewa kitambo. Maafisa wa Lyon ndio walioamini kwamba majivu mtoni yanamshinda Mungu. Wakristo hawakuwahi kukubali hilo. Minucius Felix, mwandishi wa Kilatini wa zama hizo hizo za mateso, aliandika kwamba Wakristo hawaogopi hasara yoyote kutokana na namna ya maziko, ila wanafuata tu desturi ya zamani ya kuzika ardhini. Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, na mwaka 2016 likasisitiza majivu yasitawanywe, yawekwe mahali patakatifu ambapo watu wanaweza kwenda kukumbuka. Huo mpaka unaeleweka ukijua habari ya Rhône. Moto si shida. Shida ni kumtendea mtu kana kwamba hakuwahi kuwa.

Na kabla tuondoke Kariokor, hilo jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Walibeba mizigo ya Waingereza na kufa kwa njaa na magonjwa, na wengi hawakupewa kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume ya Uingereza ya makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa dola lao, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Pita Kenyatta Avenue uangalie ile sanamu ya askari na mpagazi, ya mwaka 1928. Utafute jina la mpagazi hata mmoja.

Nilisema hili jambo limezika watu. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilipita 400, na wengi walikuwa watoto. Upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mhubiri anayeshtakiwa, Paul Mackenzie, amekana mashtaka, na hayo ni ya mahakama kuamua. Mimi nauliza swali lingine, la sisi tulio nje ya msitu. Mtu akiambiwa mwili ni mzigo, njaa ni mlango, na mbinguni ndiko nyumbani, anayasikia kama maneno mageni? Au ameshayasikia kwa kila matanga tangu akiwa mdogo, kwa upole, kutoka kwa watu wazuri? Baada ya Shakahola tulisikia mengi kuhusu leseni za makanisa na vyeti vya mapasta. Sawa. Lakini ni wahubiri wangapi walisimama Jumapili iliyofuata wakasema kwa uwazi kwamba imani yenye walikabidhiwa inamtaka Mungu aurudishe huu mwili, na kwa hivyo hakuna mtu wa kuambiwa auue kwa njaa? Blandina alikubali kufa alipoambiwa amkane Kristo. Hakutoka nyumbani asubuhi akitafuta fahali.

Ndugu zao waliobaki walijua hivyo bila kufundishwa. Walisafiri hadi Malindi kutoka kaunti za mbali, wakatoa sampuli za DNA, wakangoja miezi. Mwishoni mwa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, mochari ya Malindi ilianza kuwakabidhi miili ya kwanza, na wakaibeba kwenda kuizika nyumbani.